Mikindani hadi Msikiti Mkuu wa Kilwa: njia, chokaa na maji

Maandishi haya yameunganishwa baada ya kurudi Mtwara, kutokana na daftari la safari na picha za simu. Ilikuwa Septemba, upepo wa kusi umeanza kulegea na barabara ni kavu. Shabaha ilikuwa kuutazama Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani kwa jicho la mwashi: umejengwa kwa nini, ulianguka kwa nini, na kinachoushikilia leo ni nini. Habari za masultani na dhahabu zimo, ila zinapita haraka.

Jumatatu: Mikindani

Anayetoka Mtwara mjini aanzie Mikindani, mwendo mfupi tu wa daladala. Kilwa kuta zinalindwa, huruhusiwi kuzipanda wala kuzichokonoa. Mikindani nyumba nyingi za mawe zimepasuka zenyewe, na ukuta uliopasuka unakuonyesha tumbo lake bure. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 limekarabatiwa vizuri na sasa ni hoteli, lakini cha kutazama kiko vichochoroni, nyuma ya barabara kuu.

Ukuta wa kawaida una unene wa nusu mita hivi. Pande zote mbili kuna mawe makubwa, uso bapa ukitazama nje, na katikati kumeshindiliwa vipande vidogo, udongo mwekundu, mchanga na chokaa. Mawe yako ya aina mbili, na inafaa kuyajua kwa kuyagusa. Kuna matumbawe ya nchi kavu, yanayochimbwa ardhini: mazito, magumu, yana matundu makubwa. Halafu kuna matumbawe laini ya baharini, ambayo zamani yalikatwa yakiwa mabichi na kuchongwa kabla hayajakauka. Hayo ya pili ndiyo ya mihrabu, miimo ya milango na vidaka, yaani vishubaka vya ukutani. Aliyeyashika yote mawili hapa, akifika Kilwa hahitaji kuuliza jiwe gani ni la kubeba na lipi ni la pambo.

Dari ni boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, juu yake mawe, kisha chokaa na kokoto vikipigwa kwa magongo mpaka viwe sakafu moja. Boriti nzuri haizidi sana mita 2.5 hadi 3, ndiyo maana vyumba vya zamani ni vyembamba na virefu. Dari la namna hii huanzia kufa mahali pamoja, kwenye ncha ya boriti iliyozama ukutani. Ufa mdogo juu ya ukuta unaingiza mvua, ncha inalowa na haikauki, inaoza, na tani nzima ya chokaa inashuka kwa siku moja. Nyumba kadhaa za Mikindani zimeanguka hivyo hivyo, na mashimo ya boriti bado yanaonekana ukutani, safu nzima.

Mzee mmoja, mwashi wa zamani, alituona tumeinama ukutani, akaagiza wajukuu walete vigoda. “Wanangu, kaeni kivulini kwanza. Ukuta hauendi popote.” Ndiye aliyeeleza tanuri la chokaa. Magogo hupangwa duara, kimo cha kifua, katikati huachwa tundu la kuwashia moto. Juu yake humwagwa matumbawe yaliyovunjwa kwa ukubwa wa ngumi. Moto huwashwa siku isiyo na upepo mkali, maana upepo hula upande mmoja na upande wa pili unabaki na mawe mabichi. Jiwe linahitaji joto la nyuzi 900 hivi ili ligeuke chokaa kweli, na lisipofika huko utalijua: ukilimwagia maji halifoki, linakaa tu. Chokaa iliyoiva huchemka, hupasuka na kuwa unga. Unga huo huchekechwa, hulowekwa shimoni na kuachwa. Wiki chache ni za kazi ya haraka, miezi ndiyo ya kazi inayodumu.

Siku hizi mambo mawili yamebadilika. Matumbawe hai hayavunwi, na mikoko haikatwi bila kibali. Chokaa ya ukarabati hutoka kwenye mawe ya nchi kavu au hununuliwa kwa mifuko. Ya mifuko inafaa, lakini nayo ilowekwe kwanza. Isichanganywe na kupakwa siku hiyo hiyo.

Chakula cha mchana: ming'oko, mizizi ya porini, iliyochemshwa na kunyunyiziwa chumvi na pilipili, Sh 500 kifungu, na pweza wa mchuzi. Mikindani kuna pia nyumba inayoonyeshwa kuwa ndipo alipofikia mvumbuzi Mwingereza David Livingstone mwaka 1866. Dakika kumi zinatosha.

Jumanne: Mtwara hadi Kilwa Masoko

Mabasi ya Dar es Salaam huondoka Mtwara saa kumi na mbili asubuhi, mengine kabla ya hapo. Kilwa utashukia njia panda ya Nangurukuru, kisha unaingia kulia kuelekea Masoko. Tatizo ni nauli: baadhi ya makondakta hudai nauli nzima ya Dar kwa hoja kwamba kiti kitakwenda kitupu. Si lazima ukubali. Uliza mabasi mawili matatu jioni ya jana yake, na hakikisha tiketi imeandikwa Nangurukuru. Tulilipa Sh 18,000 kwa mtu.

Mingoyo, Lindi, Mchinga, Kiranjeranje: njia ni lami yote, na korosho pande mbili mpaka zichoshe macho. Tairi lilipasuka mbele ya Mchinga, tukakaa saa moja na nusu. Mama mmoja wa kijiji cha jirani alitoka na ndoo ya maji na kikombe, akawapitia abiria wote mmoja baada ya mwingine, akakataa hela.

Angalizo la msimu: usipange safari hii kwa masika. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya kusini ilikatika upande wa Somanga, kaskazini ya Nangurukuru, na magari yakalala njiani siku nyingi. Anayetoka Mtwara hakwami hapo moja kwa moja, ila basi lake linaweza lisiondoke kabisa. Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo salama, na kuta zikiwa kavu nyufa zinaonekana vizuri zaidi.

Nangurukuru hadi Masoko kuna magari madogo mchana kutwa, Sh 3,000. Gesti za Masoko ni za bei zote. Chagua iliyo karibu na gati, utashukuru alfajiri.

Jumatano: kuvuka, na sehemu ya kaskazini ya msikiti

Kibali cha kuingia magofuni hupatikana Masoko, kabla ya kuvuka, na malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali kupitia simu. Mtandao ulikuwa ukisuasua asubuhi hiyo, ikapita saa mbili kabla ujumbe haujarudi. Basi usiende saa tatu ukitegemea kuvuka saa tatu na robo. Fika wanapofungua. Utapewa na mwongozaji. Mchukue kwa moyo, maana bila yeye utapita juu ya makaburi usijue.

Mlango wa bahari kati ya Masoko na Kisiwani ni mwembamba, kilomita mbili hivi. Mashua ya tanga ya wanakijiji ni bei ya chai, lakini inasubiri ijae na inasubiri upepo. Boti ya injini ya kukodi ni haraka, bei ni maelewano. Patana ya kwenda na kurudi pamoja, na umlipe nahodha mkishafika. Uliza maji: yakiwa yamekupwa kwa bamvua, yaani yamekauka sana, utashuka mbali na kutembea kwenye tope na chaza zenye makali. Viatu vya kulowa ni lazima.

Unapokaribia, ngome iitwayo Gereza ndiyo inayokupokea ufukweni. Wareno walijenga ngome hapa walipouteka mji mwaka 1505, na jengo la sasa kwa sehemu kubwa ni la Waarabu wa Oman, juu ya mabaki hayo. Ufukwe huu ndio ulioleta wasiwasi mkubwa. Bahari ilikuwa ikila ukingo na kuta zinaporomokea majini, na mwaka 2004 Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Zilikuwa kwenye urithi wa dunia tangu 1981. Zikatoka kwenye hatari mwaka 2014, baada ya kuta kuegemezwa, mikoko kupandwa na vizimba vya waya vilivyojazwa mawe kupangwa ufukweni. Miche ya mikoko ndiyo ya kuangalia. Mahali iliposhika, mchanga umerudi, na iliposhindwa mawimbi yanagonga mawe moja kwa moja.

Kutoka hapo ni njia ya miguu kupita kijijini, kati ya minazi na mibuyu, mpaka Msikiti Mkuu.

Simama kwanza upande wa kaskazini, kwenye ukumbi usio na paa. Huu ndio msikiti wa kale, wa karne ya 11 au 12. Nguzo 9 katika safu tatu ziliugawa ukumbi katika nafasi 16, na paa lote lilikuwa bapa, hakuna ua wa wazi katikati. Msikiti uliofunikwa wote namna hii, bila ua, ulikuwa jambo la mapema sana kwenye pwani hii. Nguzo za mwanzo zilikuwa za jiwe, baadaye zikawekwa za mbao. Mihrabu iko ukuta wa kaskazini, kwa sababu kutoka Kilwa Makka iko karibu kaskazini kabisa. Aliyevaa saa yenye dira anaweza kujipimia hapo hapo.

Ukumbi huu unaeleweka vizuri kwa aliyepita Mikindani. Ni ujenzi ule ule wa boriti, na ulikufa kifo kile kile.

Alhamisi: sehemu ya kusini, na jinsi ukuta unavyotibiwa

Tulirudi mapema, maji yakiwa yamejaa, kwa mashua ya wanakijiji. Sehemu ya kusini inahitaji jua la asubuhi, linaloingia kwa ubavuni na kuchora kila ufa.

Upanuzi huu ulianza mwanzoni mwa karne ya 14, enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule aliyejenga kasri la Husuni Kubwa na ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331. Fedha ilikuwepo: dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, ilipita mikononi mwa Kilwa, na sarafu ya shaba yenye jina la sultani huyo imeokotwa mpaka kwenye magofu ya Great Zimbabwe. Akaacha paa bapa, akaingia kwenye makuba na matao, pamoja na chumba chenye kuba kubwa pembeni kusini mashariki.

Kuba ina hasara yake. Boriti inasukuma chini tu, tao linasukuma chini na pembeni. Nguzo nyembamba zikisukumwa pembeni, msingi ukalegea upande mmoja, tao linafunguka juu, na likishafunguka linaita la jirani. Upanuzi wa kwanza uliporomoka. Msikiti ukasimamishwa tena karne ya 15, enzi ya Sultani Sulaiman bin Muhammad, na nguzo unazoziona leo ni za kazi hiyo: nene, za pembe nane, zimejengwa kwa mawe madogo na chokaa nyingi badala ya jiwe moja la kuchonga. Si nzuri kama za kuchonga. Lakini zimesimama kwa karne zaidi ya tano, na kwa maoni yetu fundi aliyeamua kuzinenepesha ndiye aliyeuokoa msikiti huu kuliko yeyote aliyekuja baada yake.

Mchimbaji wa mambo ya kale Neville Chittick alifanya kazi hapa miaka ya 1950 na 1960, na mpangilio huu wa awamu unatokana kwa kiasi kikubwa na uchimbaji wake.

Sasa matibabu. Adui ni watatu: maji ya juu, mizizi, na saruji.

Maji huingia kwenye kichwa cha ukuta. Ukuta usio na paa ni kinywa kilicho wazi: mvua inashuka hadi kwenye tumbo la udongo na vipande, inausafisha udongo, na ukuta unabaki maganda mawili yasiyoshikana. Dawa ni kufunika kichwa kwa mawe na chokaa, umbo la mgongo, ili maji yaende pembeni na yasitulie. Kifuniko hiki hakidumu milele. Kinakaguliwa kila baada ya masika.

Mizizi: mtini ukiota juu ya tao, usiung'oe. Mzizi umeshakuwa sehemu ya ukuta, ukiuvuta unatoka na jiwe. Unakatwa usawa wa ukuta, unauawa kwa dawa kwenye kisiki, unaachwa ukauke, na pengo linajazwa polepole.

Saruji ndiyo inayouma, kwa sababu inawekwa na wanaotaka kusaidia. Popote pwani yetu utaona viraka vyake kwenye kuta za chokaa. Saruji ni ngumu kuliko matumbawe na haipumui. Unyevu na chumvi vilivyomo ukutani hutafuta njia ya kutoka, vikikuta saruji vinazunguka na kutokea kwenye jiwe la jirani, chumvi inaganda ndani ya matundu ya jiwe na kulipasua. Kwenye kona moja tuliyoonyeshwa kijijini, nje ya eneo la magofu, kiraka cha saruji kilikuwa kizima kabisa, kinang'aa, na jiwe lililokizunguka limekuwa unga. Kidole kiliingia mpaka kifundo cha pili bila kusukuma.

Kuziba viungo kwa njia inayokubalika kunakwenda hivi. Toa udongo uliolegea kwa mkono na brashi, kina kisichopungua mara mbili ya upana wa kiungo. Osha kwa maji baridi yasiyo ya chumvi mpaka jiwe lilowe, lakini maji yasisimame. Changanya chokaa iliyolowekwa sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3. Mchanga uwe wa mtoni, wenye punje kubwa na ndogo pamoja. Wa ufukweni una chumvi, usiuguse. Kuupima, tia mchanga nusu chupa, jaza maji, tikisa, acha utulie: tabaka la tope juu likiwa nene, uoshe au utafute mwingine. Sindika mchanganyiko kwa tabaka, kila tabaka lisizidi sentimeta 2 hivi, ukiweka na vijiwe vidogo kupunguza chokaa. Kisha funika kwa magunia yaliyolowa kwa siku kadhaa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia: chokaa hugeuka jiwe kwa kunywa hewa taratibu ikiwa na unyevu, na jua la Septemba likiikausha kwa saa moja, inabaki vumbi lililoshikana kwa bahati. Mafundi hufanya kazi upande wenye kivuli, wakihama na jua.

Pengo lililo ndani ya ukuta hujazwa kwa uji wa chokaa, kuanzia chini kwenda juu, kidogo kidogo. Ukimwaga wote kwa siku moja uzito wa uji unalisukuma ganda la nje likabomoka.

Mchana mama mmoja jirani na msikiti alitupikia wali wa nazi na changu, Sh 5,000 sahani, na tulipomwambia ni nyingi mno kwa mtu mmoja alisema, “Kuleni, baba zangu, Husuni ni mbali.” Ni kweli. Mwendo ni kupita mashamba ya mihogo hadi kwenye mwinuko juu ya bahari, kwenye birika la pembe nane la al-Hasan. Maji ya kunywa hayauzwi njiani. Kabla ya hapo usiache Msikiti Mdogo wa makuba, wa karne ya 15, nafasi 9 tu na uliotunzwa kuliko mingine: duara tupu kwenye dari ni mahali palipokuwa na bakuli za kauri, nyingi zilishang'olewa.

Ijumaa

Mapumziko. Kijiji kinaswali, na boti hazina haraka.

Jumamosi: Songo Mnara

Boti ya injini kutoka Masoko, karibu saa mbili kwa upepo wa kusi usoni. Ni ghali, heri mkusanyike watu sita. Nahodha ndiye mwenye ratiba: lazima mfike maji yakiwa juu na mwondoke kabla hayajakauka mikokoni, la sivyo mnalala. Tulishushwa kwenye maji ya mapajani, mabegi kichwani, na wanawake waliokuwa wakivuna mwani wakatuonyesha kwa mikono wapi pana mashimo.

Hapa kuna misikiti 5, kasri na nyumba 33 za mawe ndani ya ukuta wa mji. Kwa anayetoka kwenye Msikiti Mkuu thamani yake ni kwamba mji haukujengwa tena juu yake, hivyo miimo ya milango na vidaka vya matumbawe laini bado viko mahali pake. Makali ya patasi yanaonekana. Usiyaguse, mafuta ya mkono hukusanya uchafu kwenye matundu. Kazi iliyobaki ni ile ile: vichwa vya kuta kadhaa bado viko wazi.

Jumapili: kurudi

Tulipitia Kilwa Kivinje kwa bodaboda, Sh 4,000 kutoka barabara ya Masoko kwenda na kusubiriwa. Ni mji wa misafara wa karne ya 19, na majengo yake yanaanguka sasa hivi, mbele ya macho, kwa dari la boriti.

Nangurukuru mabasi ya kwenda Mtwara hupita kuanzia saa tano hadi saa nane mchana, na mengi yanakuwa yamejaa. Mkata tiketi mmoja alituandikia majina kwenye karatasi, akapiga simu kwa kondakta aliyekuwa bado Somanga, na viti vikawekwa. Hakutaka chochote zaidi ya nauli. Kwa atakayefuata: fanya hivyo hivyo, mwone aliyepo kwenye kibanda asubuhi na mapema, na chenji ndogo uwe nayo mkononi.